Kurusha fataki Uganda: kuomba kibali, kupima uwanja, kulinda mlango

Ukitaka kurusha fataki Uganda, iwe ni mkesha wa Mwaka Mpya, harusi, Diwali au uzinduzi wa biashara, jua kwanza kwamba mbele ya sheria umeshika kilipuzi. Polisi husimamia fataki kwa Sheria ya Vilipuzi. Kila Desemba wasemaji wao hurudia maneno yale yale kwa waandishi wa habari: anayetaka kurusha aombe ruhusa kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, na anayeuza awe na leseni. Baadhi ya watu huona huo ni usumbufu. Mimi naona una sababu zake, na mtu akizijua hata barua yake huiandika vizuri zaidi.

Sababu ya kwanza ni historia ya mji wa Kampala wenyewe. Tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka Kyadondo na Kabalagala na kuua zaidi ya watu 70. Tarehe 16 Novemba 2021 milipuko mingine ilitikisa katikati ya Kampala, karibu na Kituo Kikuu cha Polisi na karibu na Bunge. Mtu aliyepitia siku hizo akisikia kishindo saa sita usiku bila kuambiwa mapema, moyo wake hauendi kwenye sherehe.

Sababu ya pili ni Freedom City, Namasuba, barabara ya Entebbe. Usiku wa kuamkia 1 Januari 2023 watu walitoka kuangalia fataki, msongamano ukatokea kwenye njia nyembamba, na wasiopungua tisa wakafa kwa kukanyagana na kukosa hewa, wengi wao watoto na vijana. Polisi walimkamata mwandaaji. Vifo vile havikutokana na cheche wala baruti, vilitokana na njia ya kupita watu. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitakaa zaidi kwenye uwanja na milango, kwa sababu waandaaji wengi hushughulikia karatasi wakadhani kazi imekwisha.

Hatua ya kwanza: pima uwanja kabla ya kununua chochote

Wengi huanzia dukani. Anza na tepu ya kupimia.

Fataki kubwa za angani hurushwa kutoka kwenye bomba, na ukubwa wake hutajwa kwa inchi za kipenyo. Kanuni inayotumika sana Marekani, na ambayo warushaji wazoefu wengi duniani huifuata, ni futi 70 za nafasi tupu kwa kila inchi moja. Fataki ya inchi 3 inahitaji futi 210, yaani kama mita 64, kutoka bomba lilipo hadi mtazamaji wa karibu zaidi. Ya inchi 4 inahitaji mita 85. Ya inchi 6 inafika mita 128, ambazo ni zaidi ya urefu wa uwanja mzima wa mpira. Nafasi hiyo inatakiwa pande zote, kwa sababu bomba likianguka halichagui upande.

Sasa chukua hesabu hiyo uende nayo kwenye ua wa baa ya Ntinda au bustani ya harusi ya Muyenga. Mara nyingi utakuta ukuta wa jirani uko mita 20. Hapo jibu limeshapatikana: fataki za bomba haziwezekani, na muuzaji akikuambia "tutaelekeza juu tu", mshukuru uondoke. Zinazobaki ni maboksi madogo yanayotoa cheche za kimo kifupi, nayo utayapima kwa umbali ulioandikwa kwenye boksi lenyewe. Boksi lisilo na maandishi hayo usilinunue.

Ukishapima ardhi, inua macho. Nyaya za umeme, matawi, mabango ya matangazo, na hasa mapaa ya nyasi. Desemba hadi Februari ni kiangazi katika Uganda ya kati, na nyasi za paa zinakuwa zimekauka kabisa. Makaburi ya Kasubi, urithi wa dunia tangu 2001, yaliteketea usiku wa 16 Machi 2010. Siyataji kwa ajili ya chanzo cha moto ule, nayataja kwa kasi yake: zimamoto wakifika kwenye paa la nyasi linalowaka, kazi inayobaki ni kuokoa majengo ya jirani. Kama ukumbi wako umeezekwa nyasi, au upo jirani na mwenye banda la nyasi, tafuta uwanja mwingine.

Andika pia kilicho karibu: kituo cha mafuta, hospitali, zizi la mifugo, kambi ya jeshi. Tunaoishi Bombo au Mbuya tunajua kwamba mlinzi wa zamu kambini hajui kama kishindo ni cha bwana harusi. Aambiwe kabla. Kwa walio Entebbe na kandokando ya njia ya ndege, ongeza Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwenye orodha ya watakaopewa taarifa.

Hatua ya pili: tafuta muuzaji mwenye karatasi

Fataki nyingi zinazofika kwetu hutoka China, hushukia Mombasa na kuingia kupitia Malaba au Busia. Mzigo halali unaacha alama njiani: leseni ya mwagizaji, nyaraka za forodha za URA, mamlaka ya mapato, ambako fataki huwekwa kwenye fungu la 3604.10, na usimamizi wa UNBS, shirika la viwango, juu ya ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Huna haja ya kuwa mtaalamu wa forodha. Omba kuona leseni ya muuzaji, linganisha jina la leseni na jina la risiti, na uone tarehe ya mwisho ya leseni. Muuzaji mkweli hachukii kuulizwa.

Kisha geuza katoni utafute alama ya rangi ya chungwa yenye umbo la almasi. Ndani yake kuna namba. 1.4G ni fataki za hatari ndogo, zinazotengenezwa kwa watu wa kawaida, na mara nyingi utaona pia UN 0336. 1.3G, UN 0335, ni fataki kubwa za wataalamu. Ukiona 1.3G inauzwa kichochoroni kama pipi, muuzaji huyo ama hajui anachouza, ama anajua na hajali. Katoni iliyolowa ikakauka, yenye unga unaovuja, au ambayo utambi wake umekatika ukaungwa kwa selotepu, iache hapo hapo.

Usiiweke kwenye buti la taksi yenye abiria wala juu ya boda boda. Mwombe muuzaji mwenye leseni ailete mwenyewe uwanjani siku ya tukio, kisha uifungie mahali pakavu, pasipo jiko, jenereta wala wavuta sigara. Kulaza fataki usiku kucha kwenye stoo ya duka, ndani ya jengo lililojaa maduka, ni kuhatarisha mali za watu ambao hata hawajui zipo. Kampala imeshaona soko la Owino likiungua zaidi ya mara moja, na tunajua mfanyabiashara mdogo huchukua muda gani kusimama tena.

Na vile vijiti vya cheche wanavyopewa watoto, vinavyoonekana havina madhara? Ncha yake inafika nyuzi joto 1,000 za Selsiasi hivi. Kimoja kwa mtoto mmoja, mkono umenyooshwa mbali na mwili, mtu mzima pembeni na ndoo ya maji. Asishike mtoto wa chini ya miaka mitano hata kidogo. Usidhani pia kwamba udogo wa fataki unakuondolea sheria. Sherehe ikiwa ya nyumbani, pita kituo cha polisi cha mtaa uulize kabla ya kununua.

Hatua ya tatu: barua

Anzia chini. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ndiye anayejua bibi mgonjwa yuko nyumba gani na mtoto mchanga yuko wapi, na barua yake ya kusema anafahamu jambo hili hukusaidia ngazi zote za juu. Kutoka hapo nenda kwa mkuu wa kituo cha polisi cha eneo lako na kwa DPC, kamanda wa polisi wa wilaya.

Barua kuu huandikwa kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, Makao Makuu, Naguru, ikipitia kwa mkuu wa polisi wa mkoa na DPC. Iandike kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya ofisi, hata kama afande atakayeipokea mtaongea naye Kiswahili kuanzia salamu hadi kwaheri. Iwe fupi, ukurasa mmoja, na iseme: nani anaandaa, na namba ya simu inayopatikana usiku, mahali penyewe kwa jina la mtaa na ploti, tarehe, dakika ya kuanza na dakika ya kumaliza, aina, ukubwa na idadi ya fataki, jina la muuzaji na namba ya leseni yake, nani atakayewasha, na uzoefu wake, watu wangapi wanatarajiwa, milango mingapi ipo na upana wake. Ambatisha mchoro wa uwanja uliochorwa kwa mkono wenye vipimo vyako vya hatua ya kwanza, barua ya LC1, ruhusa ya mwenye uwanja na nakala ya leseni ya muuzaji.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Bila muhuri huo, wiki mbili baadaye utakuwa unabishana na mtu kama barua ilifika au haikufika.

Ukirudi kufuatilia, mazungumzo huenda hivi. "Shikamoo afande, nimekuja kuhusu barua yetu ya fataki." "Marahaba. Ya wapi?" Unataja. "Mageti mangapi?" Hapo usibabaike. Mtu anayejibu "matatu, mawili ya mita nne na moja la mita mbili, yote yanafunguka nje" anahudumiwa kama mtu aliyefika uwanjani kabla ya kufika ofisini.

Ndani ya Kampala, KCCA, mamlaka ya jiji, nayo ina sauti juu ya matukio ya hadhara, kupitia divisheni yako: ya Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa au Lubaga. Nje ya Kampala ni manispaa au halmashauri ya wilaya. Kelele ziko chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ambayo kanuni zake za kudhibiti kelele zilitolewa 2003 na huhesabu usiku kuanzia saa nne. Uliza mapema kama tukio lako, pamoja na muziki wake, linahitaji kibali cha kelele. Ada yoyote ya serikali utakayotakiwa kulipa hulipwa kwa PRN, yaani namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu. Anayetaka uweke pesa mkononi mwake hakupi kibali, na usiku wa tukio hutamwona.

Anza Oktoba kama lengo lako ni Mwaka Mpya. Katikati ya Desemba ofisi hizo zimefurika, na polisi wanahitaji muda wa kuja kukagua. Usitegemee masharti ya mwaka uliopita pia. Miaka ya kafyu ya Covid fataki zilizuiwa kabisa, na mwongozo wa polisi hutolewa upya kila msimu. Kilichoandikwa kwenye kibali chako cha mwaka huu ndicho cha kufuata, hata kama hoteli ya jirani inafanya vingine.

Hatua ya nne: milango

Nenda uwanjani mchana, siku chache kabla ya tukio, bila kumwambia mwenye uwanja utafika saa ngapi. Zunguka ukuta wote kwa miguu. Kila geti liguse kwa mkono. Geti la nyuma, lile linalotajwa kwenye mchoro kama "njia ya dharura", mara nyingi utalikuta na mnyororo uliozungushwa mara mbili, kufuli lenye kutu, na mbele yake wamepanga kreti za soda au jenereta. Uliza ufunguo uko kwa nani. Ukiambiwa "kwa bosi, yuko Mbarara", hilo si geti, ni ukuta. Lihesabu hivyo, au likatwe mnyororo ukiwa umesimama pale.

Kisha fikiria watu wanavyotembea. Hatari kubwa ipo pale umati unapohama kwa pamoja: saa sita kasoro dakika tano wote wanataka kutoka nje waone anga, na dakika kumi baadaye wote wanataka kurudi ndani msanii anapopanda jukwaani. Wanaotoka wanakutana na wanaorudi kwenye korido moja. Dawa yake ni kutomhamisha mtu. Chagua uwanja ambao anga linaonekana pale pale watu walipo. Kama jengo halikuruhusu, achana na fataki, au ufanye onyesho liwe mwisho wa sherehe ili watu wahame mara moja tu, kuelekea nyumbani.

Emsii apewe maneno yaliyoandikwa. Asiwaambie watu wakimbilie nje, asihesabu kwenda chini huku milango imefungwa, asitangaze msanii mpaka njia ziwe wazi. Mumkabidhi karatasi hiyo mbele ya mkuu wa ulinzi.

Walinzi wasisimame getini wakikagua tiketi saa sita usiku. Kuanzia saa tano na nusu mageti yote yawe wazi kabisa, na kila geti liwe na mtu mwenye tochi na redio ambaye kazi yake ni moja tu, kuangalia kama watu wanatembea. Wakisimama, muziki unazimwa, taa zote zinawashwa. Promota atakasirika kwa sababu wapo watakaoingia bila kulipa. Wacha waingie.

Watoto wasiachwe peke yao. Mikesha yetu, ya kanisani na ya ukumbini, inajaa watoto waliokuja na dada mwenye miaka kumi na miwili. Tenga eneo lao mbali na njia kuu, na muwe na watu wazima wa kukaa nao.

Ndani ya ukumbi

Hapa naomba nieleweke: usiwashe fataki ndani. Mwaka 2003 ukumbi wa The Station, Rhode Island, Marekani, uliungua kwa fataki za jukwaani na watu 100 wakafa. Mwaka 2013, klabu ya Kiss, Santa Maria, Brazil, kwa kisa kinachofanana nacho, walikufa 242. Kote kuwili sponji ya kuzuia sauti ilishika moto na moshi wake wa sumu ukaua watu kabla hawajafika mlangoni. Kumbi zetu za harusi zimejaa vitambaa, maua ya plastiki na dari za kupamba. Zile mashine za cheche "baridi" zinazowekwa bwana na bibi harusi wakicheza zinahitaji pia ruhusa ya mwenye ukumbi, nafasi kutoka kwenye vitambaa, na kizima moto kikiwa mkononi mwa mtu anayejua kukitumia.

Usiku wenyewe

Anayewasha awe mtu mzima, hajanywa, amevaa pamba na miwani ya kukinga macho, na ana msaidizi mmoja. Mabomba na maboksi yazikwe nusu kwenye mchanga au yafungwe kwenye fremu isiyoyumba. Ndoo za maji, mchanga na mpira wa maji viwe tayari. Upepo ukianza kuelekea kwa watu, ahirisha. Nimeona waandaaji wakisita kufanya hivyo kwa sababu ya kamera za runinga, na sielewi kamera inashindana vipi na jicho la mtu.

Fataki iliyokataa kuwaka haisogelewi. Subiri angalau dakika 15, usiiwashe tena, usichungulie ndani ya bomba, kisha ilowanishe kwa maji mengi ukiwa umesimama pembeni. Dakika ya mwisho kwenye kibali ikifika mnasimama, hata kama zimebaki katoni mbili.

Mtu akiungua, jeraha limwagiwe maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai, siagi na unga visiguse jeraha. Jicho likiumia lisisuguliwe wala kuoshwa kwa nguvu, lifunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa mboni, kama kikombe cha karatasi, na mgonjwa apelekwe hospitali. Kwa walio Kampala, hospitali ya rufaa ya Kiruddu ndiyo yenye kitengo cha majeraha ya moto. Namba za dharura ni 999 na 112, na ziandikwe kwenye kila geti kabla ya giza kuingia.

Kama wewe ni jirani

Una haki ya kuuliza kama kuna kibali. Muulize mwenyekiti wa LC1, kisha kituo cha polisi. Ukisikia milipuko na hukupewa taarifa yoyote, piga 999. Usijilaumu ikionekana baadaye ni fataki, maana kutofautisha ni kazi ya polisi. Mwenye mbwa amfungie ndani kabla ya saa sita, mapazia yakiwa yamefungwa na redio ikiongea. Mwenye mgonjwa au mtoto mchanga amwambie mwandaaji mapema, uso kwa uso, maana wengi wao hubadilisha upande wa kurushia wakijua.

Asubuhi yake

Uwanja ukaguliwe alfajiri, kabla watoto hawajafika kuokota. Mabaki yote yalowe kwenye ndoo za maji usiku mzima mwingine ndipo yatupwe, na yasichomwe pamoja na takataka. Zilizobaki nzima zirudi kwa muuzaji mwenye leseni. Ile iliyokataa kuwaka na ambayo hamna uhakika nayo, weka alama, msimamishe mtu wa kuzuia wapita njia, uwaite polisi waje waichukue. Kibali, mchoro na nakala yenye muhuri viweke kwenye faili moja, kwa sababu mwakani afande atauliza kwanza mwaka jana ilikuwaje.